Drag Me to Hell, Red State au The Visit: uanze na ipi?

Ijumaa usiku, bando limebaki la filamu moja, na mbele yako zipo tatu ambazo wapenzi wa filamu za kutisha hawaachi kuzitaja: Drag Me to Hell ya Sam Raimi (2009), Red State ya Kevin Smith (2011) na The Visit ya M. Night Shyamalan (2015). Zote zinaitwa za kutisha, ingawa hakuna hata moja inayotisha tu. Kila moja ilitengenezwa na mwongozaji aliyetoka kwenye filamu ya studio kubwa, akarudi kwenye hadithi iliyotoka kichwani mwake, na ndani yake unamwona mtu akipata pumzi upya. Ndiyo sababu huwekwa fungu moja. Lakini anayetaka moja akawekewa nyingine atachukia usiku wake bure, kwa hiyo nimeona nizilinganishe kwa utulivu.

Nimezipima kwa mambo matano. Kwanza, mwongozaji alitokea wapi na fedha zilikuwa za nani, maana mwenye fedha ndiye hushika mkasi katika chumba cha uhariri. Pili, kitisho kimechanganywa na nini, na mshono uko wapi. Tatu, hofu yenyewe ni ya namna gani: ipo ya kukurusha kwenye kochi, na ipo ya kukufuata hadi chooni saa nane usiku. Nne, nani anaweza kukaa sebuleni filamu ikiendelea. Tano, Kiingereza chake kimebeba mzigo kiasi gani, kwa kuwa wengi wetu tunatazama bila tafsiri ya Kiswahili. Mwisho wa filamu sitausema, hasa wa The Visit. Atakayekusimulia mwisho ule amekunyang'anya nusu ya filamu.

Walikotoka, na fedha za nani

Raimi alianza akiwa kijana na The Evil Dead (1981), aliyoipiga na marafiki zake kwenye nyumba ya msituni huko Tennessee, kwa fedha walizochangisha kwa watu wa kwao Michigan. Miaka ilipopita akakabidhiwa Spider-Man, akatengeneza tatu kati ya 2002 na 2007. Ya tatu iligharimu zaidi ya dola milioni 250, na ndani yake unaona kabisa kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama: maadui watatu wamebanwa kwenye hadithi moja, na Raimi mwenyewe baadaye alikiri hadharani kwamba hakuridhika nayo. Wakati watu wanasubiri ya nne, ambayo haikuja kutengenezwa, yeye akafukua hadithi aliyoiandika na kaka yake Ivan miaka mingi nyuma. Akaifanya kupitia Ghost House Pictures, kampuni yake na Robert Tapert, mwenzake tangu siku za The Evil Dead, kwa bajeti ya kama dola milioni 30. Kati ya hawa watatu, yeye ndiye aliyerudi na mfuko uliojaa zaidi.

Kevin Smith aliingia mjini kwa Clerks (1994), filamu ya rangi nyeusi na nyeupe iliyomgharimu dola 27,575. Aliipiga usiku katika duka alilokuwa akiuza mchana huko New Jersey. Mwaka 2010 akaiongozea Warner Bros. filamu ya Cop Out, ya kwanza maishani mwake kuongoza kwa hadithi aliyoiandika mtu mwingine, na wakosoaji hawakuionea huruma. Mwaka uliofuata akaja na Red State, kwa dola kama milioni 4 za wawekezaji binafsi. Kilichotokea kwenye tamasha la Sundance, Januari 2011, bado kinazungumzwa. Alitangaza kuwa haki za usambazaji zitapigwa mnada baada ya onyesho, wanunuzi wakajaa ukumbini, kisha akapanda jukwaani akainunua filamu yake mwenyewe kwa dola 20. Hoja yake ilikuwa kwamba filamu ya milioni 4 hutangazwa kwa fedha nyingi kuliko zilizoitengeneza, na mwishowe deni la matangazo ndilo linalomla mwenye kazi. Machi akaanza safari, mji kwa mji, akifungulia Radio City Music Hall jijini New York, akionyesha filamu na kujibu maswali baada yake. Baadhi ya waliofika kwa ajili ya mnada walikasirika, na ninaelewa hasira yao, kwa sababu waliitwa kununua kitu ambacho hakikuwa kinauzwa. Hata hivyo namheshimu mtu anayesimama mlangoni na kazi yake mwenyewe.

Shyamalan alianguka kutoka juu kuliko wote. Alizaliwa Mahé, India, mwaka 1970, akakulia kando ya Philadelphia. Alikuwa hajafika miaka 30 The Sixth Sense (1999) ilipotoka, ikateuliwa kuwania Oscar sita. Kisha zikaja The Last Airbender (2010), iliyopewa Razzie, tuzo za kudhihaki filamu mbovu, kuwa mbaya kuliko zote za mwaka ule, na After Earth (2013). Kila moja iligharimu zaidi ya dola milioni 100, na kwenye zote mbili ile sauti yake ya utulivu ilikuwa imezikwa chini ya picha za kompyuta. Basi akaiweka nyumba yake rehani, akapata dola milioni 5, akatengeneza The Visit huko huko Pennsylvania bila bosi yeyote juu yake. Alipowaonyesha wakubwa wa studio toleo la mwanzo, waliikataa. Baadaye mtayarishaji Jason Blum akasimama nayo, studio ya Universal ikaisambaza, ikaingiza karibu dola milioni 98 duniani kote.

Kama kinachokuvutia ni kisa cha kurejea kwenyewe, cha Shyamalan ndicho chenye hatari kubwa na malipo makubwa, na cha Smith ndicho chenye ubishi. Cha Raimi kimepoa. Alirudi kucheza mchezo aliokuwa ameukumbuka.

Kilichochanganywa, na mshono

Drag Me to Hell imechanganya kitisho na vichekesho vya mwili, ile aina ambayo mtu anaumizwa huku wewe unashika tumbo kwa kucheka. Christine Brown, anayechezwa na Alison Lohman, ni afisa mikopo katika benki moja ya Los Angeles na anautaka unaibu meneja. Anakuja bibi mmoja mzee, Bi Ganush, kuomba aongezewe muda wa rehani ya nyumba yake kwa mara ya tatu. Christine anaweza kumsaidia, lakini anataka bosi amwone ana msimamo, basi anakataa. Bibi anapiga magoti mbele ya watu, anaaibika, na usiku ule ule anang'oa kifungo cha koti la Christine na kukinuizia laana. Siku tatu za mateso, kisha shetani aitwaye Lamia atakuja kumchukua. Mtazamaji wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa laana ya mzee aliyedhalilishwa. Wamarekani nao waliipokea Mei 2009, wakati familia nyingi kwao zinatolewa majumbani kwa sababu ya mikopo hiyo hiyo. Mshono huuoni. Ndani ya sekunde kumi unaogopa, unachefukwa na unacheka, na Raimi anaziendesha hisia hizo tatu kama mpiga ngoma anayejua mkono upi unafuata.

Red State haikufichi mshono, inauonyesha makusudi. Inaanza kama filamu ya vijana watatu wanaomfuata mwanamke waliyemjua mtandaoni. Ghafla wako mikononi mwa kanisa la familia moja lenye chuki, chini ya mchungaji Abin Cooper. Halafu, ukidhani umeshaielewa, maafisa wa serikali wanazingira kanisa na filamu inageuka vita ya bunduki inayokumbusha mzingiro wa Waco, Texas, mwaka 1993, maafisa wa serikali walipolizunguka kundi la kidini na watu wengi wakafa. Kisha inageuka tena. Kila inapogeuka inamtupa mtu uliyeanza kumpenda na kukupa mwingine. Kuna wanaoiona kama filamu tatu zilizoshonwa kwa haraka. Mimi naona kugeuka huko ndiko kunakotisha, maana hujui nani amelindwa na hadithi, na jibu ni kwamba hakuna. Tamasha la Sitges nchini Hispania liliipa tuzo ya filamu bora mwaka 2011, na Michael Parks akapata ya mwigizaji bora kwa kumcheza mchungaji yule.

The Visit imechukua mambo matatu: kitisho, vichekesho, na kilio cha familia iliyovunjika. Becca, miaka 15, na mdogo wake Tyler, miaka 13, wanakwenda kukaa siku chache kwa bibi na babu ambao hawajawahi kuwaona, kwa sababu mama yao aligombana na wazazi wake akaondoka nyumbani miaka 15 iliyopita. Becca anarekodi kila kitu, anataka kutengeneza filamu ya hali halisi itakayomponya mama. Kwa hiyo kila tunachoona kimetoka kwenye kamera za watoto hao wawili. Bibi anapika vizuri, babu ni mpole, na kuna sharti moja: ikifika saa tatu na nusu usiku, msitoke chumbani.

Shyamalan amewahi kueleza kwamba katika uhariri alikuwa na toleo la vichekesho vitupu, toleo la kitisho kitupu, na la katikati, ndilo alilolichagua. Ukilijua hilo utaitazama kwa jicho jingine. Kuna mahali bibi anamwomba Becca aingie ndani ya oveni aisafishe hadi mwisho kabisa. Eneo lile lingeweza kuwa mzaha au mauaji, na mwongozaji anakataa kukuambia ni lipi mpaka uwe umeshasahau kupumua. Ni hapo mtu aliyewahi kutengeneza The Sixth Sense anapoonekana tena: ameacha mabilioni ya vumbi la kompyuta, ameshika mlango mmoja wa oveni, na unatosha.

Hofu ya namna gani

Kwa Raimi ni hofu ya kushtushwa. Mlango, upepo, kivuli, kisha kelele na kitu cha kuchukiza usoni. Ukimaliza umetoka jasho lakini utalala. Isipokuwa kwamba ile dakika ya mezani benki, Christine anapofungua mdomo na kusema hapana, hubaki. Kila aliyewahi kukaa upande wowote wa meza ya mkopo ataisikia.

Red State haina jini wala mzimu. Mchungaji Cooper hapigi kelele. Anahubiri kwa sauti ya babu anayewasimulia wajukuu, anaimba, anatania waumini, na huku amemfunga mtu kwa nailoni mbele yao. Inatisha kwa sababu waumini wale ni watu wenye upendo, wakarimu wao kwa wao, na hawana shaka hata kidogo. Hofu yake haiishi sauti ikizimwa.

The Visit inagusa kitu kilicho karibu zaidi na mtazamaji wa kwetu. Likizo kwa bibi, kwa wengi tuliokulia huku, ndiyo picha ya usalama wenyewe: uji, hadithi, mgongo wa kuegemea. Filamu inachukua mahali pale pale na kuuliza, je, bibi akiwa si yule unayemdhani? Niliitazama mara ya kwanza na binamu zangu wawili, na wakati wa mchezo wa kujificha chini ya nyumba hakuna aliyesema neno. Baada ya filamu tulizungumza juu ya bibi yetu hadi usiku sana, kwa upendo kuliko tulivyotarajia.

Nani yumo sebuleni

The Visit (dakika 94) na Drag Me to Hell (dakika 99) kule Marekani zimepewa daraja la PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu kwa walio chini ya miaka 13. Lakini hazifanani. Ya Raimi ina matope, nzi, meno ya bandia na maji ya kila aina yanayoingia midomoni; pia ina kikao cha kuita pepo, na mnyama anatolewa kafara. Nyumba isiyotaka mambo ya uganga kwenye televisheni ijue mapema. Ya Shyamalan ina damu kidogo, lakini ina mwili wa mzee ulio uchi kwa muda mfupi na jambo moja la nepi ambalo halisahauliki. Ukiwa na wakwe, heshima itakutoka jasho.

Red State (dakika 88) ni ya watu wazima peke yao. Daraja lake ni R. Ina mazungumzo ya ngono, matusi mengi, maneno ya chuki dhidi ya mashoga yanayosemwa na wahusika waovu, na watu wanapigwa risasi bila kuandaliwa. Watoto wakalale kwanza.

Masikio na Kiingereza

Hapa Drag Me to Hell iko mbele kwa mbali. Unaweza kuifuata sauti ikiwa chini, kwa kuwa Raimi anasimulia kwa picha: kifungo, leso, bahasha, kivuli cha pembe ukutani. Anayefahamu Kiingereza kidogo hatapotea.

The Visit ni ya wastani. Watoto wanaongea haraka, na Tyler anarap, lakini matukio yanajieleza. Red State ndiyo ngumu. Moyo wake ni mahubiri marefu ya Parks, kwa lafudhi nzito ya Kusini mwa Marekani, na mwishoni kuna mazungumzo ya ofisini ambayo ukiyakosa umekosa maana yote. Washa maandishi ya Kiingereza hata kama unakijua vizuri.

Zinapovuja

Naziheshimu zote, lakini zote zina matundu. Drag Me to Hell imemfanya mwanamke wa Kiroma (jamii ya Ulaya ambayo wengi huiita Gypsy) kuwa mchawi mchafu mwenye kucha chakavu, picha ya zamani ambayo jamii hiyo imeteseka nayo vizazi vingi, na hilo halifutwi na vichekesho. Baadhi ya picha zake za kompyuta pia zimezeeka vibaya. Red State ina haraka. Vijana watatu wa mwanzo hatuwajui vya kutosha kuwalilia, na mwisho wake unasimuliwa na mtu aliyeketi badala ya kuonyeshwa. Smith aliihariri mwenyewe, na hapo nadhani jicho la pili lingemsaidia. The Visit inaazima magonjwa ya uzeeni na ya akili kama chanzo cha kitisho. Aliyewahi kumuuguza mzazi anayepotea jioni jua likizama anaweza kuumia, na ana haki ya kuiacha.

Uchague vipi

Mko wengi, mmejaza sebule, kuna anayetafuna karanga na anayepiga kelele: wekeni Drag Me to Hell. Ilitengenezwa kwa ajili ya kundi, na ukiwa peke yako inapungua utamu. Inamfaa pia anayeanza kuonja filamu za kutisha na anaogopa kukosa usingizi.

Ukiwa na ndugu au rafiki mmoja mnayeweza kuzungumza naye baadaye, au kama kuna mtu wa familia ambaye hamjasemezana muda mrefu, The Visit ina jambo la kuwaambia, hasa katika dakika zake za mwisho, kitisho kikishatulia. Msisome chochote juu yake kabla.

Kama umechoka na mizimu na unataka filamu ya kubishana nayo, usiku ukiwa peke yako na akili ikiwa macho, chukua Red State. Mtu aliyewahi kuumizwa na kiongozi wa dini atajua mwenyewe kama yuko tayari. Asilazimishwe na rafiki.

Na kama wewe ni kijana mwenye kamera na hadithi, unayetafuta namna ya kurudi baada ya kazi iliyokataliwa, zitazame zote tatu, ukianza na The Visit. Hesabu maeneo: karibu yote ni nyumba moja na uwanja wake. Hesabu waigizaji wakuu: watoto wawili, wazee wawili, na mama anayeonekana zaidi kupitia kioo cha kompyuta. Kisha weka Red State, uone mchungaji mmoja na maneno yake wanavyoweza kushika chumba kizima bila gharama. Ya Raimi iwe ya mwisho, uisikilize ukiwa umefumba macho dakika kumi, ujue sauti peke yake inafanya kazi kiasi gani. Nusu ya kitisho chake kiko masikioni, na kinasa sauti kizuri ni rahisi kukipata kuliko jini la kompyuta.